Mzaha Uko Juu ya Nani?

Zamani nilipokuwa nikifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, mwanafunzi mmoja aliniletea kitabu cha hadithi akitaka nimweleze sentensi moja iliyomshinda. Katika hadithi ile kijana alikuwa ameficha kiatu cha mwenzake gizani ili acheke asubuhi, na kulipokucha akakuta kiatu alichokitupa kisimani kilikuwa chake mwenyewe. Mwenzake akamwambia maneno ambayo, tukiyafasiri neno kwa neno, ni "mzaha uko juu yako".

"Basi, mwalimu," akaniuliza mwanafunzi wangu, "anamwambia kwamba sasa ni zamu yake kufanya mzaha?"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni ile niliona kwamba kijana yule hakuwa amekosea hata kidogo, kwa kuwa alikuwa amesoma Kiingereza kwa sikio la Kiswahili. Kwetu jambo likiwa juu yako, ni wajibu wako. Karo ya mtoto iko juu ya baba yake. Uamuzi uko juu ya wazee. Ukipenda uje, usipopenda usije, shauri liko juu yako. Mwingereza naye analo neno hilo hilo, ila katika usemi huu analitumia kwa maana ya kitu kinachomwangukia mtu, kama vile maji machafu yaliyomwagwa dirishani yakamwangukia mpita njia kichwani. Mzaha umetupwa hewani. Swali ni moja tu: umemwangukia nani?

Usemi huu una matumizi mawili. La kwanza ni jepesi: mtu amefanyiwa mzaha, watu wanacheka, na anayechekwa ni yeye. La pili ndilo lenye uzito, nalo ndilo lililokuwa katika kile kitabu. Mtu amepanga kumcheka mwenzake, ameandaa kila kitu, na mambo yanapogeuka anayesimama katikati ya uwanja akichekwa ni yule yule aliyepanga. Waingereza wana maneno mengine yenye maana ya jirani, mojawapo likitokana na mchezo wa Hamlet wa Shakespeare, ambamo mtega baruti hurushwa na baruti yake mwenyewe. Lakini lile la baruti ni la hila na vita. Hili la mzaha ni la nyumbani, la shuleni, la kazini. Ni la mambo madogo ambayo mara nyingine si madogo.

Kiswahili nacho hakikukaa kimya. Tunasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Tunasema pia mzaha mzaha hutumbua usaha, yaani kinachoanza kwa kuguswa guswa kwa kucheza huishia kwenye kidonda kilichopasuka. Hata hivyo, msomaji mpenzi, tazama tofauti iliyopo. Methali zetu hutangulia mbele ya tendo. Ni onyo la mzee kwa kijana ambaye bado ana nafasi ya kuacha. Usemi wa Kiingereza huja nyuma ya tendo. Haumwonyi mtu, bali humsomea hukumu. Methali husema, "Angalia." Usemi ule husema, "Umeona?"

Sasa nitasimulia kisa cha kweli ambacho ni mfano mzuri wa usemi huu, na ambacho, kwa namna ya ajabu, kinatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko tunavyojua.

Mwezi Machi 1905 wanafunzi kadhaa wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliamua kumchezea meya wa mji ule. Kiongozi wao alikuwa Horace de Vere Cole, kijana wa nyumba ya kitajiri aliyepata kuwa bingwa wa mizaha wa zama zake. Pamoja naye alikuwepo rafiki yake Adrian Stephen. Walitaka kujifanya Sultani wa Zanzibar na watu wake, lakini kwa kuwa sura ya Sultani ilikuwa imekwisha kuonekana magazetini, wakaona ni salama zaidi kuwa ami yake. Walikodi mavazi katika duka la nguo za michezo ya kuigiza London, wakapaka nyuso zao rangi nyeusi, wakampelekea meya simu ya maandishi, kisha wakapanda treni. Meya aliwapokea kwa heshima zote, akawaonyesha mji na vyuo vyake. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja mzee aliyekuwa mmisionari alitaka kuzungumza na "mgeni" kwa lugha yake, na yule aliyejifanya mkalimani akamkimbiza kwa kumwambia kuwa hawezi kuzungumza na mwana wa mfalme ila akikubali kuingia katika nyumba ya wake zake. Baadaye Cole mwenyewe alilipelekea gazeti habari ile, na nchi nzima ikamcheka meya. Meya alitaka vijana wafukuzwe chuoni, lakini akashauriwa aache, maana kadiri angelifuatilia jambo lile ndivyo ambavyo angezidi kuchekwa.

Miaka mitano baadaye walipanda ngazi. Tarehe 7 Februari 1910 watu sita waliondoka London kwa treni kwenda Weymouth, ambako jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limetia nanga. Huko ilikuwepo manowari iliyoitwa Dreadnought, iliyoshushwa majini mwaka 1906 ikiwa na mizinga mikubwa 10 na mitambo mipya ya mvuke iliyozifanya manowari zote zilizoitangulia zionekane za kale. Ilikuwa fahari ya Uingereza. Safari hii wanne kati yao walijifanya watoto wa kifalme wa Uhabeshi. Mmoja wa hao wanne, mwenye ndevu za kubandika na kilemba, alikuwa mwanamke: dada yake Adrian, Virginia Stephen, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kwa jina la Virginia Woolf, mwandishi mkubwa wa riwaya. Adrian alikuwa mkalimani, naye Cole alijifanya ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje. Simu ya maandishi ilikuwa imemtangulia Admirali ikimwarifu kwamba wageni wanakuja.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Mkalimani lazima awe na lugha. Walijipatia kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichotumiwa na wamisionari, na ndani ya treni Adrian akajaribu kukariri maneno. Kwamba Wahabeshi hawasemi Kiswahili, bali wana Kiamhari na lugha zao nyingine, halikuwasumbua. Kwao Afrika ilikuwa Afrika. Lakini Kiswahili hakiliwi kwa saa chache ndani ya treni. Alipofika melini akitakiwa kutafsiri maelezo kuhusu mizinga, maneno mengi yalimkimbia, akaanza kukariri mashairi ya Kilatini na Kiyunani aliyofundishwa shuleni, akiyavunjavunja matamshi ili yasitambulikane. Maofisa walisikiliza wakaridhika. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alieleza kwa masikitiko kuwa yupo baharia mmoja ambaye angeweza kuzungumza na wageni, ila kwa bahati mbaya alikuwa likizoni.

Kisha lilitokea jambo ambalo kila nikilifikiri hunifanya nikae kimya kidogo. Jeshi la majini halikuwa na bendera ya Uhabeshi, wala bendi haikuwa na wimbo wa taifa wa nchi ile. Basi wakapandisha bendera ya Zanzibar na kupiga wimbo wa Zanzibar. Wageni hawakutambua tofauti, na wenyeji waliojua tofauti walitumaini kwamba wageni hawataitambua.

Mvua ilianza kunyunya, na masharubu ya mchoraji Duncan Grant yakaanza kubanduka. Adrian akaomba upesi wateremshwe chini. Walikataa chakula wasije wakaharibu rangi midomoni. Mle melini alikuwemo binamu yake Virginia na Adrian, ofisa wa ngazi ya juu, ambaye aliwatazama usoni asiwatambue. Jioni wakarudi London salama, wakiwa wamechoka na wenye njaa.

Adrian aliandika baadaye, katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1936, kwamba wale maofisa walikuwa wamewatendea kwa ukarimu mkubwa kiasi cha wao kuona haya, na wazo lilikuwa kwamba jambo lile lisipelekwe magazetini. Lakini Cole hakuweza kujizuia. Habari ilitoka, na picha waliyopigwa wakiwa wamevaa mavazi yao ikachapishwa. Magazeti yakaongeza neno la kipuuzi, "bunga bunga", yakidai ndilo walilokuwa wakilitamka wageni kila walipoonyeshwa kitu cha kustaajabisha, na watoto wa mitaani wakawa wanampigia Admirali kelele za "bunga bunga" kila alipopita. Swali likaulizwa hata bungeni.

Basi tuulize swali letu: mzaha ule uliwaangukia nani?

Jibu la siku ile lilikuwa jepesi. Uliliangukia jeshi la majini. Manowari iliyojengwa ili isiogope chochote ilitekwa na ndevu za kubandika. Ni kweli, na kuna haki fulani ndani yake, kwa kuwa wakubwa wanaojiona sana hufaa kuchekwa mara moja moja.

Lakini mzaha haukukaa pale ulipoanguka. Maofisa wa jeshi waliotaka kulipa kisasi walimfuata Duncan Grant nyumbani kwake asubuhi, wakamchukua hadi uwanjani, akiwa na malapa ya nyumbani miguuni, wakamchapa fimbo mbili za kuhesabia tu. Alikuwa mpole mno, wakaona haya wao. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Dreadnought iliigonga na kuizamisha nyambizi ya Wajerumani, na inasimuliwa kwamba miongoni mwa pongezi zilizopelekwa melini mojawapo ilikuwa na maneno yale yale, "bunga bunga". Aibu ilikuwa imegeuzwa kuwa utani wa wenyewe kwa wenyewe. Cole, kwa upande wake, alipoteza utajiri wake, akafa maskini huko Ufaransa mwaka 1936. Leo anakumbukwa kwa mizaha yake, na zaidi kwa ule wa siku moja. Mtu aliyetaka kuwageuza watu wote kuwa kichekesho hakuachiwa jambo jingine la kukumbukwa nalo.

Hata hivyo bado sijawataja wale ambao, kwa maoni yangu, mzaha uliwaangukia tangu mwanzo bila ya mtu yeyote kuwauliza. Hao ni Wazanzibari na Wahabeshi.

Sultani wa Zanzibar mwaka 1905 alikuwa Ali bin Hamud, kijana aliyesoma Harrow, mojawapo ya shule mashuhuri kabisa za Uingereza. Yeye angeweza kuzungumza na meya wa Cambridge bila ya mkalimani yeyote. "Mfalme wa Kiafrika" aliyeigizwa siku ile, asiyejua neno, anayetikisa kichwa na kustaajabia kila kitu, hakuwako Zanzibar. Alikuwa akiishi ndani ya vichwa vya Waingereza. Ndiyo maana meya alidanganyika kwa urahisi hivyo: alionyeshwa kile ambacho alikuwa amekwisha kukiamini. Na Menelik wa Pili wa Uhabeshi hakuwa mfalme wa kuchezewa. Mwaka 1896, huko Adwa, majeshi yake yaliwashinda Wataliano katika vita vilivyotikisa Ulaya yote.

Mwaka huo huo wa 1896, tarehe 27 Agosti, manowari za Uingereza zililipiga kwa mizinga jumba la Sultani wa Zanzibar kwa muda wa dakika 40 hivi, kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti cha enzi bila idhini yao. Wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa Zanzibar. Khalid akakimbia, na Waingereza wakamweka Hamud bin Muhammad, baba yake yule Ali aliyesoma Harrow. Miaka 14 baada ya mizinga ile, jeshi lile lile la majini lilipandisha bendera ya Zanzibar juu ya manowari yake na kupiga wimbo wake kwa ajili ya watu wasio Wazanzibari, walioigiza nchi isiyo Zanzibar, huku mkalimani akibabaika kwa maneno ya Kiswahili yaliyochanganyika na Kilatini. Mchekaji hakujua alichokuwa akikicheka. Mchekwa naye hakujua. Wenye bendera hawakuwepo.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya mzaha wa aina ile na utani wetu. Utani nao una maneno makali. Mtani wako anaweza kufika msibani akalala mahali pa maiti, akakudai fedha, akakutolea maneno ambayo akiyasema mwingine mtapelekana barazani. Wahehe na Wangoni walimwaga damu nyingi katika karne ya 19, kisha wakawa watani, na jeraha likageuzwa kicheko. Lakini utani una sheria moja isiyoandikwa: ni wa zamu. Nikutaniavyo leo ndivyo utakavyonitania kesho, na sote tunalijua hilo kabla hatujafungua midomo. Kwa hiyo utani haumgeukii mtu kwa ghafla. Umekwisha kugeuka tangu siku ulipoumbwa. Mzaha unaomrudia mwenyewe ni ule uliotupwa na mtu aliyedhani kwamba hautarudi, kwamba yeye yuko mahali ambapo kicheko hakifiki.

Nayajua haya kwa kuwa yamenipata.

Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni, shule yetu ilikuwa mbali na mji, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa miguu. Barua zilichukuliwa na tarishi mara moja kwa wiki kutoka katika sanduku la shule. Darasani kwetu alikuwepo kijana mmoja mkimya, mtoto wa mjane, ambaye alikuwa hapati barua kabisa. Siku ya wajinga, tarehe mosi Aprili, nilichukua karatasi, nikaandika kwa herufi za kikarani kwamba ana barua ya rejesta posta, na kwamba aifuate mwenyewe kabla ya saa kumi. Nikaibandika mlangoni mwa bweni. Nilidhani ataisoma, ataruka kwa furaha, nasi tutapiga makofi na kumwambia ni siku gani. Lakini aliisoma peke yake wakati sisi tukiwa kwenye chakula, akaomba ruhusa, akaondoka. Tuliporudi alikuwa amekwisha kuvuka mto.

Mwanzoni tulicheka sana. Saa kumi mvua ikanyesha, na kicheko kikapungua. Magharibi ikaingia. Mimi sikula chakula cha usiku.

Alirudi saa mbili usiku, ameroa, viatu vyake amevishika mkononi. Hakuwa na barua ya rejesta. Karani wa posta alikuwa amemtazama, akaitazama ile karatasi, akamwambia kwamba hakuna kitu kwa jina lake. Lakini kwa kuwa tarishi wa shule alikuwa mgonjwa wiki ile, karani akampa barua zote zilizokuwa katika sanduku, naye akazifunga ndani ya shati lake zisiroe, akazibeba kifuani njia nzima. Alianza kuzigawa, kitanda hadi kitanda, akisoma majina. Alipofika kwangu akanipa bahasha yenye mwandiko wa mama yangu.

"Yako hii, ndugu," akasema. "Nadhani ndani mna kitu, usiifungue mbele za watu."

Ndani mlikuwa na noti mbili na habari kwamba nyumbani wote ni wazima.

Sijui kama alijua ni nani aliyeiandika ile karatasi. Nadhani alijua, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa maarufu darasani. Hakusema neno, si siku ile wala siku nyingine. Wiki mbili nilikaa nikitafuta namna ya kumwambia, na nilipomwambia hatimaye alinitazama akasema, "Nilifurahi kwa saa mbili nzima, wakati wa kwenda." Ni maneno hayo, wala si hasira ambayo hakuwa nayo, yaliyonifundisha maana ya usemi ambao miaka mingi baadaye nilitakiwa kuueleza ubaoni.

Kwa sababu usemi ule una tumizi la tatu, ambalo kamusi huwa hazilitaji sana. Mtu anaweza kujisemea mwenyewe: mzaha uko juu yangu. Akisema hivyo hajitetei, wala hangoji kuchekwa na wengine, anakiri. Adrian Stephen alikaribia kulisema neno hilo alipoandika jinsi wema wa maofisa ulivyowatia haya. Yeye na Duncan Grant walikwenda hata kwa waziri wa jeshi la majini kuomba radhi, ili maofisa wadogo wasije wakaadhibiwa, ingawa waziri aliwafukuza tu. Cole hakulisema neno hilo maisha yake yote.

Siku iliyofuata nilimwita yule mwanafunzi wangu mbele ya darasa, nikawaambia wenzake kwamba jana tulicheka mahali pasipo pa kucheka. Nikawaeleza maana ya Kiingereza, kisha nikawaambia kwamba maana aliyoitoa yeye nayo ni ya kweli, pengine kuliko ile ya kitabu. Mzaha uko juu yako: ukiutoa, wajibu wake ni wako. Ni juu yako kujua unamwangukia nani, kama yuko hapa kujibu, na kama kesho utakubali kuupokea ukirudi.

Akakaa kitandani, samahani, akakaa dawatini. Darasa likacheka tena, na safari ile waliokuwa wakimcheka ni mimi.